Ziwa Walilomkabidhi Tatu

Ngorongo, Rufiji
Baada ya mavuno ya mpunga

Kwa Dada yangu Hadija,
Usangi, Upare.

Shikamoo, Dada, na assalaam aleikum. Kabla sijasema la kwangu nataka kujua la goti lako. Umesema linauma ukishuka mteremko na ukipanda haliumi. Nilicheka peke yangu, maana kwenu huko hakuna njia isiyoshuka. Tafadhali usitoke bila fimbo, na ile dawa ya kuchua usiimalize kwa kuwagawia majirani, kama ilivyo tabia yako. Sisi huku tu wazima. Wifi yako Somoe ni mzima na bado ananinyima chumvi kwa amri ya mganga wa zahanati. Binti yetu Tatu naye ni mzima, tena mzima kupita kiasi, kama utakavyosikia.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili ndipo nilipoona maneno machache pembeni ambayo hayafanani na mazungumzo yako. Najua ni ya mwanao Rajabu, kwa kuwa yeye ndiye anayekuandikia na kukusomea. Kaandika: "Mjomba, umekaa Rufiji tangu sijazaliwa, umestaafia huko huko, na tunasikia nyumba yako bado ni ya makuti. Huko kuna maendeleo gani hata usirudi?" Sikukasirika. Kijana akimuuliza mjomba wake swali ana haki ya kujibiwa. Basi Rajabu, wewe ndiye unayemsomea mama yako barua hii. Soma kwa sauti, usiruke mstari, na ukifika mahali unaposemwa usimeze maneno.

Dada, sijapata kukueleza vizuri maisha ya huku, na ni kosa langu, maana kazi yangu ilikuwa kueleza. Mto Rufiji ukijaa huvuka kingo zake ukalala mashambani. Kwetu milimani mafuriko ni msiba, lakini huku watu huyasubiri, na yasipokuja ndipo wanapoingiwa na hofu. Maji yakirudi mtoni huacha udongo mweusi ambao mpunga wake haudai mbolea, na huacha samaki ndani ya maziwa yaliyo bondeni. Kijiji chetu kina ziwa moja la namna hiyo. Kambale na perege huingia wakiwa wadogo, kisha njia ya maji hukauka, nao wakabaki humo. Tangu hapo ziwa hufungwa. Hakuna kutia wavu, wala ndoana, wala mgono, yaani ule mtego wa kusuka. Anayetaka samaki huenda mtoni, ambako kuna mamba na jasho. Mpunga ukishavunwa, wazee husema ziwa lifunguliwe, na kijiji kizima huingia majini pamoja. Wewe utalielewa jambo hili upesi, maana ni ndugu wa ndiva yetu: bwawa limejaa, shamba lako lina kiu, lakini huzibui mpaka zamu yako ifike.

Kuna pia desturi ya pili, ndogo kuliko hiyo, ambayo nilipofika huku nikiwa mwalimu kijana ilinitia aibu tele. Ukikosa kitoweo unapeleka bakuli kwa jirani. Huombi, wala hutoi shukrani ndefu. Bakuli linakwenda tupu, linarudi na mkia wa samaki na mchuzi wake. Siku nyingine bakuli lao litakuja kwako. Hakuna anayekumbuka nani alianza.

Sasa, tangu biashara ilipoachiwa huru, wanunuzi wanafika hadi huku ndani. Zamani korosho na pamba zetu zilikuwa na mnunuzi mmoja tu, na malipo uliyasubiri mpaka ukasahau uliuza nini. Kwa hilo mabadiliko haya nayasifu. Sitaki Rajabu adhani mjomba wake analilia zile foleni za sukari. Sabuni ipo, viatu vipo, vya mtumba lakini vipo. Na mwaka jana akaja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Bwana Kassimu, mtu mpole mwenye maneno mazuri, akiwa na lori la barafu. Alisema siku ya kufungua ziwa atanunua kila samaki atakayeletwa.

Tatu wakati ule alikuwa amerudi nyumbani na wanawe wawili baada ya ndoa kuvunjika, akiuza maandazi. Ana kichwa cha hesabu kuliko mwanafunzi yeyote niliyemfundisha. Sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu, maana darasani nilimchapa kama wenzake. Bwana Kassimu alimwona akijumlisha bila karatasi, akampa kazi ya kusimamia mizani. Niliona mwanangu akisimama wima tena, na nilifurahi.

Siku ikafika, ziwa likafunguliwa, samaki wakapatikana kama kawaida. Lakini bei ilikuwa nzuri ajabu, Dada. Watu walikuwa wakitoka majini na kwenda moja kwa moja kwenye mizani. Lori likaondoka limejaa. Magharibi tukarudi majumbani, kila mmoja ana furaha yake.

Somoe alikuwa ameshapakua wali. Akaniuliza, "Samaki yuko wapi?"

"Nimeuza."

"Wote?"

"Bei ilikuwa nzuri."

"Lo! Na mie nimeuza wangu wote, nikijua wewe utabakiza."

Akachukua bakuli aende kwa jirani yetu Bi Mwanahawa, mjane mzee ambaye ulimi wake unaogopwa mpaka Kibiti. Hakufika. Walikutana njiani, Bi Mwanahawa naye ana bakuli mkononi.

"Wapi, bibiye?"

"Kwako. Na wewe?"

"Kwako."

Mara mke wa mwenyekiti wa kijiji akatokea upande wa pili na lake. Bi Mwanahawa akampigia kelele, "Geuka, mwanangu, geuka! Huku kote ukame!" Nilitoka barazani kutazama. Njia nzima ilikuwa ya watu wenye mabakuli, wengine wanakwenda, wengine wanarudi, kila mtu aliuza akimtegemea mwenziwe. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha kicheko kikapungua, na watu wakaanza kutazamana. Kijiji chenye ziwa, usiku wa sikukuu yake, kilikula wali mkavu kwa chumvi. Nami, kama unavyojua, hata chumvi nanyimwa.

Hapa niruhusu nieleze kidogo, kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Kila jioni redio inatuambia kwamba uchumi unakua au lazima ukue. Mtu wa takwimu angefika siku ile angeandika kwamba kijiji chetu hakijapata kuona siku njema kama hiyo, kwa sababu kila samaki alipita kwenye mizani akalipiwa. Samaki anayepita kwenye bakuli haingii katika hesabu ya mtu. Kwa hesabu hiyo, miaka yote tulikuwa hatuna kitu, na tulipata kitu siku ile ile tuliyokosa kitoweo. Simlaumu mtu wa takwimu wala mizani yake, kwani mizani hupima kinachowekwa juu yake. Lakini anayetaka kujua kama watu wameshiba, itabidi aingie jikoni.

Wala sikufundisha miaka yote ile ili niwaambie watu waupende umaskini. Zahanati yetu inakosa dawa, nataka ziongezeke mpaka makabati yajae. Watoto wanakaa chini darasani, madawati yaongezeke. Kuna vitu ambavyo kuongezeka kwake ni heri tupu, na kuna vitu vina kimo chake, na ukivizidisha hapo unakula mbegu. Nilidhani elimu yote ni kujua tofauti hiyo. Kumbe kazi ngumu ni kujua nani anakiweka hicho kimo, na nani anakaa na njaa kwa ajili yake. Hilo nilifundishwa mkutanoni, na aliyenifundisha aliniumiza.

Maana Bwana Kassimu alirudi. Alipendezwa na siku ile moja, sasa akalitaka ziwa lote, kwa miaka kadhaa, wavuvi wake wavue masika na kiangazi. Kijiji kingelipwa kodi. Angetuletea mashine ya kukoboa mpunga, angeitengeneza barabara ya kutokea Kibiti, na hapo Kibiti angefungua kituo cha barafu. Msimamizi wa kituo angekuwa Tatu, kwa mshahara wa kila mwezi na chumba cha kukaa na wanawe.

Tulikutana shuleni. Mwenyekiti wetu, Bwana Salumu, akasema ziwa linatosha kama lilivyo. Wazee wakasema linatosha. Nami nikasimama nikasema kwa ufasaha wangu wote kwamba linatosha. Kisha Tatu akainua mkono.

"Nyote mliosema linatosha nawaheshimu," alisema. "Lakini nimetazama waliosema. Mwenyekiti ana mikorosho. Baba ana pensheni. Mwenye pensheni akisema kutosha, neno linamkaa vizuri mdomoni. Mie nina watoto wawili na sinia la maandazi. Huyu Bwana Kassimu ni mtu wa kwanza hapa kuniuliza najua nini. Nyie mlikuwa mkiniuliza nitaolewa lini."

Vijana waliosimama nyuma wakapiga makofi. "Wape! Wape, dada!" Somoe akajifunika uso kwa khanga. Mimi nilitazama ubao wa shule, ubao niliouandikia nusu ya maisha yangu, nisiwe na la kuandika.

Bi Mwanahawa hakusimama hata. Aliuliza akiwa amekaa, "Na samaki wakiisha, mwanangu, hiyo mizani utapima matope?"

"Wakiisha nitakuwa nimeshasomesha wanangu."

"Wako. Na wajukuu zangu?"

Kisha yule bibi akageukia upande wa wazee. "Binti amesema kweli. Ziwa hili hufunguliwa na wanaume ambao nyumbani wanawekewa kitoweo mbele yao. Wanajua nini kuhusu sufuria tupu? Mpeni huyu. Yeye ndiye aseme lini lifungwe na lini lifunguliwe. Kama ataliuza, basi tutakuwa tumeuziwa na mwenye shida, si na mwenye pensheni."

"Mwanamke afungue ziwa?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwani samaki wataangalia?"

Watu wakacheka, mzigo ukapungua uzito. Bwana Salumu akaniita. "Mwalimu, wewe unasemaje? Ni mwanao."

Dada, ningeweza kutoa hotuba. Nikasema, "Nataka kujua kitu kimoja. Akipewa hilo ziwa, yeye atakula nini?"

Swali hilo ndilo lililotuweka shuleni mpaka mchana ukaisha. Mwisho tulikubaliana hivi. Ziwa halikodishwi. Siku ya kulifungua, kila nyumba itenge kwanza kitoweo chake, na nyumba isiyo na mvuvi ipewe fungu na wenye nyavu. Kinachobaki kiuzwe pamoja, kwa kauli moja, na mwenye kusema bei, na lini ziwa lifungwe na lini lifunguliwe, ni Tatu. Naye apate fungu lake katika mauzo, kwa kazi yake ya kulilinda ziwa, kama mtu mwingine yeyote anayelipwa kwa kazi.

Bwana Kassimu hakugombana na mtu. Alikunja karatasi zake akasema, "Mimi nahitaji samaki kila wiki, wazee wangu. Lori langu halisubiri mpunga." Akaenda zake. Sitakuficha gharama yake, Dada. Mashine ya kukoboa haikuja, na Somoe bado anatwanga. Barabara ni ile ile, masika ikinyesha tunabaki huku kama kisiwani. Baadhi ya vijana walimfuata, wanamvulia kwenye maziwa ya wengine, na mama zao wanapata salamu tu. Mtu akiniambia hao walikosea, simwitikii. Walitaka kazi, na kazi tuliyokuwa nayo tulimpa mmoja.

Na huyo mmoja hakunishukuru. Alimwambia mama yake, "Wamenipa ziwa badala ya mshahara." Masika yote alinisalimia kwa adabu na kupita. Nilimwona akienda kulitazama ziwa kila siku, na sikujua kama analilinda au analichukia. Somoe alinikataza kuuliza. "Mwache," alisema. "Wewe umezoea majibu ya papo hapo, ya darasani."

Mwaka huu mafuriko yalichelewa. Mpunga ukachelewa, lakini hatimaye ukavunwa, na kwa desturi mpunga ukiingia ghalani ndio saa ya ziwa. Tatu alikwenda Bungu, kule kwenye barabara kuu, akazungumza na wanunuzi, akapata mmoja aliyekubali kuja kwa masharti yetu. Kwa hiyo juma lililopita, asubuhi, kijiji kizima tulikuwa ukingoni, na nyavu, na migono, na watoto wamevua mashati. Lori la yule mnunuzi lilikuwa limeshafika, maji ya barafu yanadondoka mchangani. Wengi wetu tulikuwa tumeanza kuzihesabu fedha vichwani.

Tatu aliingia majini mpaka kiunoni. Alikuwa ametega migono yake michache ya kujaribia tangu jana yake. Akaunyanyua wa kwanza, akatia mkono, akatoa perege, akamlaza kiganjani. Akamrudisha. Akaunyanyua mwingine. Akatoka, akaminya maji kwenye khanga yake, akasema neno moja.

"Bado."

Mnaweza kukisia kelele zilizofuata. "Bado nini? Mpunga umevunwa!"

"Mpunga umevunwa, samaki hawajakua. Maji yalichelewa, nao wamechelewa. Rudini nyumbani."

Kijana mmoja akamkabili. "Wewe! Si ndiye uliyetaka livuliwe mwaka mzima?"

"Wakati ule nilikuwa napima samaki wa mtu," alisema Tatu. "Hawa ni wangu."

Dereva wa lori akashuka. "Dada, barafu yangu inayeyuka!"

"Pole, kaka. Barafu mtagandisha nyingine."

"Na nikiondoka nisirudi?"

Hapo nilimwona akisita. Wewe hujamwona tangu akiwa mtoto mchanga, lakini akiogopa huuma mdomo wa chini kama marehemu mama yetu. Aliuuma. Alijua kwamba fungu lake lipo ndani ya lori lile, na ada ya shule ya wanawe pia, maana siku hizi shule nayo inalipiwa. Kisha akasema, "Usiporudi tutawabanika, tutakwenda kuwauza wenyewe." Akakaa chini ukingoni, mgongo kwetu, kama mlinzi aliyeshika zamu.

Hakuna aliyemvuka, Dada. Hilo ndilo nililotaka umsikie Rajabu akilisoma kwa mdomo wake mwenyewe. Hapakuwa na askari, wala ofisa, wala ubao wa kukataza. Walikuwapo watu wenye njaa ya samaki, ziwa lililojaa, mnunuzi mwenye fedha mkononi, na mwanamke mmoja aliyelowa. Wakakunja nyavu zao. Walinung'unika, walimtukana kidogo, wakaondoka. Yule kijana alinipita akasema, "Mwalimu, mwanao ametumaliza!"

"Mwambie mwenyewe."

"Namwogopa."

Nikabaki nyuma makusudi. Tatu aliniuliza bila kugeuka, "Baba, na wewe umekasirika?"

"Nilitamani perege."

"Subiri."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu mkutano yasiyokuwa salamu. Nikauweka mgono wangu mtupu begani nikarudi nyumbani, nikitembea kama mtu aliyeujaza. Somoe alikuwa ameshajua habari yote. Alinipa wali kwa kunde, na siku ile, bila mganga kuulizwa, akatia chumvi.

Naandika haya ziwa likiwa bado limefungwa. Lori halijarudi, na sijui kama litarudi. Kila asubuhi watu wanapita kwetu kuuliza, "Amesemaje?" nami nawajibu kwamba hajasema. Umeniomba nirudi Usangi nipumzike karibu nawe. Nitakuja, inshallah, nikuone, nikae mpaka unichoke. Lakini nitarudi huku, maana kuna jambo linafanyika ambalo sijawahi kulisoma katika kitabu chochote nilichofundishia, na nataka kuwapo.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie ile saa aliyonipa bado inakwenda. Wasalimie mama mkwe wa Rajabu na yule fundi cherehani aliyenishonea kanzu ya harusi. Msalimie mzee anayesimamia zamu za ndiva, umweleze habari ya Tatu polepole, mbele ya wanawe wa kiume. Na Rajabu mwenyewe namsalimia kwa upendo. Umesoma vizuri, mpwa wangu. Nyumba yangu ni ya makuti, ndiyo, na mwaka huu nimeyabadilisha, haivuji.

Huku niliitwa Mwalimu tangu siku niliyoshuka na sanduku langu la bati. Tangu asubuhi ile ya "bado", wakubwa kwa wadogo wananiita jina jingine, nami ninaitika kabla hawajalimaliza.

Mdogo wako akupendaye,
Baba Tatu.